Msikilizaji Hanywi Kahawa

Ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Rawdha ulikuwa na baridi ya kumtia mtu mafua, na Ghalya binti Zahran alikuwa amejifunika shela mabegani huku akijionea haya. Nje ya ukuta uleule lami ilikuwa imeanza kulainika, na joto kuu lenyewe lilikuwa bado halijaingia. Ndani, wageni waheshimiwa walikuwa wakiombwa radhi kwa baridi kuzidi.

Kila mwaka majira haya wataalamu wa Hazina ya Muungano wa Pwani walikuja kuzungumza na wanafunzi kuhusu mustakabali wa uchumi wa eneo zima. Neno lenyewe, mustakabali, walilipenda mno. Walilitamka taratibu kama mtu anayetafuna tende laini. Wanafunzi nao walivaa nguo zilizopigwa pasi, wakauliza maswali yaliyokwisha kusahihishwa na walimu wao, wakapigwa picha. Mwishoni mgao wa ubaridi wa mwaka ulifunguliwa na kufungwa mbele ya macho yao, ili isije ikasemwa kwamba vijana hawakushirikishwa.

Mambo yalikuwa yamebadilika tangu enzi za mababu. Mafuta yalikuwapo bado chini ya ardhi, tele, ila dunia ilikuwa imeyapa mgongo na hakuna aliyekuja tena kuyanunua. Kilichobaki ni Hazina, na kazi kubwa ya Hazina ilikuwa kuwaweka watu hai kiangazi kikifika. Mitambo ya pwani ilivuta maji kutoka kilindini mwa bahari, ikayapoza zaidi, ikayasukuma katika mabomba yaliyopita chini ya sakafu za nyumba hadi miji ya mbali jangwani. Mji wenye bomba ulilala usingizi. Mji uliofungiwa bomba ulihama, au ulizika.

Na mabomba hayakuwatosha wote. Hilo halikusemwa kwa sauti, lakini hata mtoto wa chekechea alilijua.

Kushoto kwa Ghalya alikaa Mundhir, mwanafunzi mwenzake wa uchumi, kijana wa Ras Umaim ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Alimwinamia.

“Kwenu Msikilizaji alimhoji nani?”

“Babu yangu. Mzee Humud.”

“Alilia?”

“Alie kwa sababu gani?”

Mundhir alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja harusini na nguo za shamba. “Ghalya, sisi tuliambizana mapema. Msikilizaji akija, lieni. Baba yangu hajui kuigiza hata kidogo, basi tukamwambia amkumbuke marehemu mama yake. Wallahi alilia mpaka mimi mwenyewe nikalia. Na mashine haikuona uongo hata chembe, maana uongo wenyewe haukuwapo.”

Msikilizaji ndiye aliyekuwa fahari ya Hazina. Zamani mgao ulipangwa na mawaziri, na kila waziri alivutia kwao. Sasa mashine ilipelekwa kila mji, ikasimamishwa barazani, ikauliza watu hali yao. Haikusikia maneno peke yake. Ilisikia pumzi inavyokatika, koo linavyotetemeka, moyo unavyokwenda kifuani mwa msemaji, na mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuidanganya akafaulu. Ikishamaliza kuwasikia wote ilipima shida ya mji mmoja na ya mwingine, kisha ikagawa. Hakuna mjomba wala shemeji. Ghalya mwenyewe alikuwa ameandika insha ndefu ya kuisifu, akapewa alama za juu kabisa, na insha ile ndiyo iliyompa kiti cha mbele leo.

Zamu yake ilipofika alisimama. Jukwaani, katikati ya wataalamu wenzake, Daktari Fakhri alimtabasamia. Alikuwa mwanauchumi mkuu wa Hazina, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto.

“Daktari, katika mustakabali huu, miji midogo ya ndani ina nafasi gani?”

“Ina nafasi ile itakayoisema kwa kinywa chake, binti yangu. Sisi hatukisii tena. Tunauliza, tunasikiliza.”

Ukumbi ulipiga makofi. Naye akapiga, kwa adabu, na hapo ramani ikawaka ukutani.

Miji yenye bomba ilikuwa ya kijani. Mingine ilikuwa ya kijivu. Macho ya Ghalya yalikimbilia kwao bila hata kutafuta, pale chini ya milima, na Birkat Sidr ilikuwa ya kijivu. Pembeni yake palikuwa na neno moja tu: Imejitosheleza.

*

Hakungoja kuitwa.

“Kuna kosa,” alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. “Birkat Sidr. Kuna kosa.”

Mwalimu wake, safu ya nyuma, alikohoa kikohozi cha kumkalisha mtu chini. Daktari Fakhri aliinua mkono kumzuia. Huyo hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuuma Ghalya baadaye kuliko yote. Angekuwa katili angemchukia, akapumzika.

“Kosa linaweza kuwapo,” alisema. “Tusikie ushahidi.”

Ramani ikapisha picha. Ilikuwa baraza ya Birkat Sidr, na Ghalya alizitambua hata nyufa za ukutani. Msikilizaji, mlingoti mwembamba wenye kijitaa kimoja, alikuwa amesimamishwa juu ya zulia jekundu, mahali pa mgeni wa heshima. Mbele yake walikuwa wamemwekea sahani ya tende na kikombe cha kahawa kinachotoa mvuke. Wazee walikaa kuzunguka ukuta, vilemba vimefungwa vizuri, na Babu Humud akiwa karibu zaidi.

“Habari za mji?” aliuliza Msikilizaji.

“Njema, alhamdulillahi,” alisema Babu.

“Kiangazi kilichopita kiliwapitiaje?”

“Salama kabisa. Kheri tupu.”

“Mna upungufu wowote?”

“Hatuna. Labda wewe, umetoka mbali. Chukua tende.”

Kijitaa kilibaki cha kijani, ishara ya ukweli, mwanzo hadi mwisho. Ukumbi ulicheka, tena kwa mapenzi, na mtaalamu mmoja akasema wazee wa namna hii wamekwisha duniani, vijana waige mfano.

Ghalya hakucheka. Kiangazi kilichopita, kile cha salama kabisa, ndicho kilichomchukua bibi yake. Bomba lao lilikuwa limepunguzwa nusu, na bibi alifia juu ya godoro walilolilowesha maji, Babu akimpepea kwa kawa kuukuu mpaka mkono ukamfa ganzi.

“Daktari,” alisema, “ile ilikuwa salamu.”

“Salamu?”

“Kwetu mgeni haambiwi msiba mlangoni. Hata kama maiti iko chumba cha ndani, mgeni akiuliza habari anaambiwa njema. Kwanza ale tende, anywe kahawa. Akitosheka anakitikisa kikombe, anakirudisha kwa mwenyeji. Hapo ndipo mwenyeji anaanza kusema yaliyomsibu, kwa sababu sasa amekwisha timiza wajibu wake.” Alionyesha picha ukutani. “Msikilizaji hanywi kahawa. Hakutikisa kikombe. Wale wazee walikuwa bado wanamkaribisha mpaka mlipomng’oa zuliani mkampakia garini.”

Wachache walicheka, wakanyamaza walipoona wenzao hawacheki. Daktari Fakhri alikuwa amekunja uso, anafikiri kwa dhati.

“Lakini babu yako hakudanganya. Tungeona.”

“Hakudanganya. Alikuwa amefurahi kupata mgeni.”

Hapo wataalamu wakainamiana. Walinong’ona kwa muda, na Ghalya alisikia mabaki ya maneno: utaratibu, haki, mbele ya vijana. Mwishowe Daktari akarudi kwenye kinasa sauti.

“Kanuni inaruhusu. Mwanafunzi akipinga mbele ya ukumbi, mji unaulizwa mara nyingine, papo hapo, na jibu lake ndilo la mwisho. Tutampigia babu yako sasa hivi. Tutamuuliza mara tatu badala ya moja, kwa heshima ya desturi yenu. Ila lazima ujue, binti yangu, ubaridi hauongezeki. Birkat Sidr ikiingia, mji wa mwisho kwenye kijani unatoka.”

Ramani ilirudi, na mji wa mwisho ukawa unamemeta ili watu wauone. Ras Umaim.

Ulikuwa mji wa Mundhir. Nyumbani kwao kulikuwa na mama yake na dada zake wadogo, na yule baba aliyelia kweli.

“Unataka aulizwe?” alisema Daktari Fakhri.

Ghalya alimtazama Mundhir, na Mundhir akatazama viatu vyake. Alifikiri kuhusu insha yake, jinsi alivyoandika kwamba mashine imewaondolea watu mzigo wa kuchaguana. Mzigo wenyewe sasa ulikuwa umekaa mapajani mwake.

“Aulizwe,” alisema.

*

Picha ilipokuja, ilikuja na kelele za kiti kinachosogezwa, halafu uso wa Babu ukajaa ukuta mzima. Alikuwa karibu mno na simu. Mtu akamwambia arudi nyuma, akarudi, na baraza ikaonekana.

Ilikuwa imejaa. Watu walikaa bega kwa bega kuzunguka ukuta, wengine mpaka kizingitini, na viatu vimelundikana mlangoni. Masinia makubwa yalikuwa katikati. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi.

“Mji umechangamka,” alisema mtaalamu mmoja kwa furaha.

Ghalya hakuona uchangamfu. Aliona juzuu za Kurani, zile zinazosomwa matangani, zimefunguliwa juu ya mito. Aliona watu hawaongei. Akamtafuta kaka yake Yahya, akampata pembeni ya dirisha, kichwa amekiegemeza kwenye magoti, na jirani amemwekea mkono mgongoni. Yahya alikuwa na binti aliyezaliwa mwezi uliopita, wakampa jina la marehemu bibi.

“Assalaam alaykum,” alisema Babu, na alipoona ukumbi mzima, majoho na taa na watu wazito wamepangwa safu kwa safu, uso wake ukachanua. Alinyoosha kanzu yake. “Karibuni! Karibuni nyote! Mmetukuta hatuna hata cha kuwapa.”

“Habari za mji?” aliuliza Msikilizaji, kwa sauti ileile, safari hii kutoka jukwaani.

“Njema. Njema kabisa, alhamdulillahi.”

Kijitaa, kijani.

“Habari za mji?”

“Kheri tupu. Tuwaombeeni dua tu, nasi tunawaombea.”

Ghalya aliona kosa lake lilipokuwa, na lilikuwa kubwa kuliko la mashine. Alidhani Babu akiulizwa mara tatu atafika penye kweli. Kumbe walikuwa wamemwongezea wageni. Kwa mlingoti mmoja tu alikuwa amekunja huzuni yake na kuificha. Sasa walimjazia baraza mamia ya watu wasioweza kunywa kahawa yake, na mjukuu wake yuko kati yao. Angekufa pale alipokaa kabla ya kumwaibisha.

Akasahau kanuni. Akasahau kinasa sauti. Kiarabu chote alichovaa chuoni kilimtoka, akapiga kelele kwa Kiswahili, lugha waliyorudi nayo wazee wao kutoka Unguja na ambayo kwao ilikuwa ya ndani ya nyumba tu.

“Babu! Waambie! Waambie bomba lilipunguzwa, waambie kuhusu bibi! Kuna nini hapo barazani? Nani amekufa, Babu? Sema!”

Huko Birkat Sidr, Yahya aliinua kichwa.

Babu alimtafuta kwa macho katika umati, akamwona. Kitu kilipita usoni mwake, kidogo tu, kikaondoka. Alizungumza taratibu, kama alivyomkanya Ghalya utotoni alipopiga kelele mlango ukiwa wazi.

“Ghalya, mwanangu. Kuna wageni.”

Hakuna aliyehitaji kungoja tafsiri, lakini mashine ilitafsiri hata hivyo, ikaandika ukutani kwa herufi safi: Mzee amesema kuna wageni.

“Mna upungufu wowote?” aliuliza Msikilizaji kwa mara ya tatu.

“Hatuna,” alisema Babu Humud, na kijitaa kikawa cha kijani. Kilikuwa na haki ya kuwa hivyo. Mwenyeji anapomwambia mgeni hana upungufu, kwa wakati ule anaamini, maana asipoamini hataweza kumkaribisha. “Mpelekeni mjukuu wangu akapumzike. Amesoma sana.”

*

Ilibaki sentensi moja. Ghalya alikuwa nayo mdomoni, kamili, imeiva. Ras Umaim walifundishana kulia. Kwa sentensi hiyo ushahidi wa Ras Umaim ungefutwa pale pale, na fungu lingetafuta mji mwingine, na kwa kanuni mji uliopinga ndio uliotangulia, yaani kwao. Hakuhitaji hata kupaza sauti.

Mundhir alijua. Alikuwa amegeuka, anamtazama, macho mekundu. Hakumwomba. Pengine angemwomba ingekuwa rahisi kumkatalia.

“Walimlilia mtu aliyekufa kweli,” Ghalya alijiambia, na hakujua kama anamtetea Mundhir au anajitafutia njia ya kukimbia. Aliwafikiria dada zake Mundhir aliowaona mara moja tu, wasichana wa kucheka ovyo. Akamfikiria Yahya na magoti yake. Alichukia ukumbi mzima kwa kumkalisha katikati ya hao wawili, akaichukia baridi ya ukumbi, akajichukia na yeye kwa kuwa imemstarehesha.

“Pingamizi limesikilizwa,” alisema Daktari Fakhri. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Angepimwa naye angetoka kijani. “Kabla hatujafunga, binti yangu. Una lingine la kutuambia? Ukumbi wote unakusikiliza.”

Ukumbi wote ulikuwa unamtazama. Wataalamu, walimu, wapiga picha, kijana aliyesimama na sinia la maji baridi. Watu wema, wamevaa vizuri, wanangoja kwa adabu.

“Hapana, Daktari,” alisema Ghalya. “Kheri tu.”

Mgao ulifungwa. Palikuwa na makofi, kisha dua ya kushukuru, kisha watu wakaalikwa nje ya ukumbi kwenye meza za vitafunio. Mundhir alisimama, akaondoka haraka akigonga magoti ya watu. Tangu siku hiyo hakukaa tena karibu na Ghalya darasani. Kila alipomwona alibadilisha njia, naye Ghalya hakumfuata.

Daktari Fakhri alipitia kwake wakati anatoka. Alimshika bega, akamwambia hoja yake ilikuwa ya maana sana na kwamba mwakani watamfundisha Msikilizaji desturi za miji yote. Pengine atapewa hata kikombe. Hakuwa anatania. Akamwambia Hazina inahitaji vijana kama yeye, afike ofisini akimaliza mtihani.

“Ahsante, Daktari,” alisema Ghalya.

Alibaki kwenye kiti chake mpaka wafagiaji walipoanza kukunja mabango. Simu ilitetemeka mkobani, chini ya kofia ndogo ya sufi aliyomfumia mtoto wa Yahya kwa ajili ya majira ya baridi. Alijua ni nani.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mwanangu.” Nyuma yake palikuwa na sauti za watu wanaosoma, chini chini. “Hujambo?”

“Sijambo. Habari za huko?”

“Njema,” alisema Babu. “Wale wageni wameondoka?”

Ghalya alitazama safu za viti vitupu, moja baada ya nyingine, hadi mlangoni.

“Wameondoka, Babu. Niko peke yangu.”

“Umekunywa chochote?”

“Nimekunywa.”

“Umekaa?”

“Nimekaa.”

“Basi nikupe habari,” alisema Babu, na sauti iliyokuwa imesimama wima mbele ya ukumbi mzima ikavunjika, akaanza na mtoto wa Yahya.